Si kila anayepepesuka amelewa

Msomaji, tuseme ni siku ya soko mjini Wote, Makueni. Mzee mmoja anapepesuka, maneno yake hayaeleweki, jasho linamtiririka na mikono inamtetemeka. Wapita njia wanacheka: "Huyo kazidisha pombe!" Wanamwacha alale kivulini hadi imtoke. Jioni wanamkuta amekata roho, kumbe hakuonja hata tone. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na sukari yake ilikuwa imeshuka mno.

Kisukari hutokea kongosho linaposhindwa kutoa insulini ya kutosha, au mwili unaposhindwa kuitumia vyema. Insulini ndiyo huitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini itupe nguvu. Ikikosekana, sukari hurundikana kwenye damu. Lakini dawa ikizidi, au mgonjwa asipokula, sukari hushuka kupita kiasi. Hatari basi ni mbili.

Sukari ikishuka

Hatari hii huja ghafla, kipimo kikiwa chini ya 4. Mama wa Kitui anaweza kujidunga insulini alfajiri, kisha akashika njia ndefu ya kuteka maji kabla ya kutia chochote tumboni. Njiani anaanza kutetemeka, moyo unamwenda mbio, anahisi njaa kali na kuchanganyikiwa. Pombe bila chakula pia huishusha sukari.

Ikiwa anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari ndani ya maji, au nusu chupa ya soda, au kijiko kikubwa cha asali, ambayo Kitui haikosi. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, rudia. Akizinduka, ale chakula cha kawaida, kwa mfano muthokoi. Akiwa amezirai, usimtie chochote kinywani kwani kinaweza kumpalia. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini.

Sukari ikipanda

Hii huja polepole, kwa saa nyingi au siku kadhaa. Mgonjwa huwa na kiu isiyokatika, hukojoa mara kwa mara, hutapika, huumwa na tumbo na kupumua kwa nguvu. Pumzi yake huweza kunuka kama matunda yaliyoiva sana. Huyu anahitaji dripu na insulini hospitalini bila kuchelewa. Wengi hukosea kwa kuacha kudunga insulini wakiugua na kukosa hamu ya kula. Kumbe homa yenyewe hupandisha sukari! Usiiache kamwe bila kauli ya daktari.

Joto kali la ukambani huiharibu insulini. Usipokuwa na friji, weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati na uuloweshe maji kila siku. Dawa iliyo ndani, ikiwa imefungwa isilowe, itakaa baridi kuliko hewa ya nje.

Je, ukishindwa kujua kama sukari imepanda au imeshuka? Maadamu anaweza kumeza, mpe sukari, kisha mpeleke hospitalini. Kiasi hicho kidogo hakitamdhuru sana aliyepandwa, lakini kitamwokoa aliyeshukiwa.

Nawe mgonjwa, usifiche ugonjwa wako. Waambie jamaa na majirani, na utembee na sukari pamoja na kadi yako ya kliniki mfukoni. Tahadhari kabla ya hatari.