Maradhi Yasiyoonekana Nyumbani kwa Askari

Mke wa askari hufika zahanati akilalamika kichwa. Juma lifuatalo ni moyo kumwenda mbio, kisha tumbo, kisha kukosa usingizi. Hupewa vidonge vya malaria, akavimeza vyote, na maradhi yakabaki pale pale. Habari za nyumbani hakuulizwa, wala yeye hakuthubutu kuzisema, kwani mumewe anajulikana na kambi nzima.

Katika laini zetu kuta ni nyembamba. Jirani husikia mambo yote ya usiku, na asubuhi wakakutana bombani wakaamkiana kana kwamba hapakuwa na jambo. Mama yule akinyamaza husifiwa adabu. Kumbe aliyezoea kupigwa huishi kama mlinzi asiyepokewa zamu: masikio yapo mlangoni, akipima mshindo wa viatu vya mumewe ajue leo arudi vipi. Askari aliyewahi kulala handakini anaifahamu hali hiyo, ila yeye hupewa likizo.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wanawake wanaotendewa ukatili na waume au wapenzi wao hupatwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, karibu mara mbili kuliko wengine. Baadhi yao hufikia kutamani kufa. Wala si fimbo peke yake iletayo hayo. Matusi ya kila siku na kunyimwa fedha ya matumizi huvunja moyo vilevile, na hapa Uganda Sheria ya Ukatili Majumbani ya mwaka 2010 imeyahesabu hayo kuwa makosa.

Sheria hiyo humtaka polisi aliyepokea malalamiko amsaidie mwanamke kupata matibabu na mahali pa kujihifadhi. Ni kweli, mabwana, kwamba ni vigumu kwake kusema ikiwa aliyeketi mezani ni rafiki wa mumewe. Lakini mtu mwingine aweza kumpelekea shauri kwa niaba yake.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika mitaa ya Kampala ambako majirani walihimizwa kulizungumza jambo hili waziwazi, vipigo vya waume vilikuwa pungufu kwa kiasi cha nusu kuliko mitaa mingine. Majirani wale nao walikuwa wakisikia kila usiku, kama sisi.