Jina Lipo Kwenye Marudio

Oya mwana wa Ngokolo, Shinyanga, sogea. Kuna kisanga kitaani na leo tunakisema. Masela wanafungua websaiti kali, picha za maana, halafu jina la domeni wanaliokota ndotoni. Eti "royal". Eti "elite". Eti "solutions". Unauza spea za karasha, mashine ya kusaga mawe, pale Katoro halafu unajiita royal? Nani kakuroga? Mchimbaji wa Nyarugusu karasha limemfia saa kumi na moja alfajiri, unadhani ataandika "royal" kwenye simu?

Halafu kuna kambi ya madingi. Hao ndio balaa. Mshua wangu akisikia domeni anataka jina la babu, jina lake, "General Supplies", "and Sons", na Limited mkiani. Kati ya nukta na nukta mwisho ni herufi 63. Mshua anataka azimalize zote.

Sasa shika mchongo. Wewe ni mtoto wa ukanda wa dhahabu, marudio unayajua. Watu wanasaga mawe, wanaosha kwenye mialo, wanabeba chao, mchanga unabaki. Mshamba anaona uchafu. Mwenye plant anaununua, anapiga sayanaidi, kaboni inanasa dhahabu iliyobaki. Basi na websaiti yako ina marudio yake. Kila inapoonekana Google, watu wanaacha mchanga, yaani maneno waliyoandika wakitafuta. Jina lako jipya limelala humo.

Kuchenjua hakugharimu hata jero. Ingia Google Search Console, thibitisha kuwa websaiti ni yako kwa kubandika mstari mmoja kwenye DNS, acha data ijikusanye. Utapewa maneno ya watu, umeonekana mara ngapi, umebonyezwa mara ngapi, umeshika namba ngapi. Kumbukumbu inafika miezi 16. Wengi wanang'ang'ania Google Analytics, wanahesabu vichwa, wanajisifu geto. Vichwa fresh, ila maneno ya utafutaji Google walianza kuyaficha huko tangu 2011. Kwenye Console ndiko yaliko.

Usikodolee mistari ya juu. Huko juu mara nyingi ni jina lako mwenyewe. Shuka. Tafuta neno ambalo umeonekana kinoma halafu hakuna aliyekubonyeza. Hapo watu wanaulizia kitu na hujawapa. Unauza spea, ripoti imejaa "kukodi karasha", na hujawahi kukodisha hata nyundo. Mwanangu, hilo ni jina la domeni, na nyuma yake kuna biashara nzima.

Sasa uhondo wenyewe: cheki wanavyoandika. Usukumani r na l zinapishana mlangoni, kwa hiyo atakuwepo wa "karasha" na wa "kalasha". Mwalimu wa zamani atafura. Afure na chaki yake. Ukiona "kalasha" lina watu, chukua yote mawili, moja lielekeze kwa jingine. Na ng'ombe je? Shinyanga hii bila ng'ombe ni mkoa gani? Ila domeni inataka herufi, namba na kistari tu, ritifaa haipiti. Inabaki "ngombe". Na mteja anaandika hivyo hivyo, nani ana muda wa kusaka ritifaa kwenye kioo kilichopasuka?

Kuna na kurasa za 404. Mtu akiandika ukurasa usiokuwepo, seva inaweka kwenye logi. Isome. Mtu kaja mpaka mlangoni akauliza kitu ambacho huna.

Ila tuwekane sawa. Neno kwenye domeni halikupandishi Google kimiujiza. Septemba 2012 walizishusha domeni zenye neno kamili na maudhui mabovu. Faida iko kichwani kwa mtu: kalisikia mara moja, kalishika, kaliandika sawa. Nenda kalijaribu jina kwa bodaboda wa stendi. Litamke, usimsomee herufi, mpe simu aandike. Akikosea, tupa jina.

Na usikimbilie kununua. Tengeneza kwanza ukurasa mmoja kwenye websaiti uliyonayo, upe wiki kadhaa. Watu wakija, cheki whois kama jina liko wazi, pita kwa msajili anayetambulika, lichukue. Anayewahi ndiye mwenyewe. Mimi .co.tz tu. Hiyo .ai mnayotambia ni ya kisiwa cha Anguilla, kule Karibiani, na bei yake inauma. Mwaka 2019 voice.com iliuzwa dola milioni 30. Neno moja! Waachie wenye bata lao. Na jina la kampuni ya mtu usiliguse, alama za biashara zinasajiliwa BRELA na wenyewe wana mawakili.

Usajili uwe kwa jina lako na barua pepe yako. Fundi wangu wa kwanza aliandika zake. Tulipokorofishana, domeni ikaondoka naye. Iliniuma sana, isikukute.

Na siri za watu je? Console haikwambii nani kaandika nini, na maneno ya nadra inayaficha. Ila ukianza kukusanya majina na namba za simu za watu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu 1 Mei 2023. Usizingue hapo.

Leo usiku, bando likiwa bado linapumua, fungua ripoti, chagua miezi 3, anza kusoma mstari wa 20 kwenda chini. Ukikuta neno ambalo hukuwahi kuliwaza na watu wanalisaka, lijaribu kwa ukurasa, kisha lisajili kabla hujalirusha status. Na mshua usimwambie mpaka risiti iwe mkononi. Ataleta "and Sons".