Pima Umeme Kabla ya Kulaumu Kompyuta ya Gari

Mimi ni fundi umeme wa magari, na huniuma kuona mtu akiuziwa kompyuta mpya ilhali ya zamani ni nzima. Mashine ya kusomea hitilafu ikionyesha P0562, maana yake umeme wa mfumo uko chini. Namba hiyo haisemi kuwa kompyuta imekufa.

Naanzia kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, katika magari mengi altaneta hupandisha umeme hadi kati ya 13.5 na 14.7.

Hapo pakiwa sawa, nahamia kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Injini ikiendelea kunguruma, nawasha taa kubwa na feni, kisha naweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye pini ya ethi ya kompyuta. Njia nzuri hupoteza takriban volti 0.1 au chini yake. Nikikuta 0.5, natafuta kutu au nati iliyolegea. Lazima umeme uwe unatumika, kwa sababu waya uliobaki nyuzi chache husoma vizuri usipobeba mzigo.

Kompyuta nayo hulisha sensa kadhaa kwa volti 5. Volti hizo zikishuka, nachomoa sensa moja moja. Zikirudi, nachunguza sensa niliyochomoa mwisho pamoja na waya wake.

Ukiambiwa ununue kompyuta, uliza: “Umepata volti ngapi, na umepimia wapi?” Fundi anayestahili pesa yako atakuonyesha kwenye mita.