Babu Kavaa Neno la F

Oya mwanangu, kaa kwanza. Hii soo haisikilizwi umesimama.

Mimi naandika fanfiki, yaani stori zangu kwa wahusika wa watu wengine. Ndiyo, mimi huyuhuyu wa Kihagara, niliyekuzwa kwa usipa na ugali wa muhogo. Alfajiri niko kwenye nyavu, usiku niko na Naruto, yule wa katuni za Kijapani. Namchukua yeye na mwenzake Sasuke, nawatupa kwenye mtumbwi, Ziwa Nyasa linachafuka, wanazinguana mpaka kunakucha. Naandika kwa Kiingereza, maana masela wa Naruto wako dunia nzima. Bando la buku linakata hata stori haijapanda. Ustaa ghali, mzee.

Sasa kabla hujapandisha, lazima uireti. FanFiction.Net, tovuti ninayopandishia, wana K ya miaka 5 na kuendelea, K+ ya 9, T ya 13, M ya 16. Sheria yao? K+ inaruhusu matusi laini. T inaruhusu matusi madogo. Laini na madogo, wanangu! Nani ana mizani ya kupima hiyo?

Basi nikapima kwa mizani ya kitaa. Stori ya kwanza nikaitandika M. Kisa? Sasuke kasema "bloody" mara nne na "damn" mara mbili. Usinicheke. Huku kwetu ukimwambia mtu bladifuli mbele ya wazee, kikao kinaitishwa. Na damn ukiileta Kiswahili ni laana, na laana siyo neno la kuchezea. Hata sisi wajanja tukiisikia kwa bibi tunaomba msamaha haraka, halafu tunajifanya tulikuwa tunatania.

Stori ya pili nikaipa K+. Ndani humo "bastard" imemwagwa kama karanga, na neno la F limepita mara saba. Nililiona kama nakshi tu. Si tunalisikia kwenye ngoma za mbele tangu tuko darasa la pili? Msomaji mmoja, mama wa Uingereza, akanitumia ujumbe: binti yake ana miaka 9, na alikuwa anamsomea. Kwa sauti.

Nilizima simu siku mbili. Nikasingizia chaji.

Lakini hebu nikuoneshe kwa nini sikujua. Pale ufukweni kuna babu mmoja anashona nyavu. Fulana yake ya mtumba ni nyeusi, imepauka mabegani, na kifuani limekaa neno la F, herufi nyeupe kubwa, linasomeka mpaka kwenye mitumbwi. Babu M kabisa. Wajukuu wamekaa miguuni wanamshikia uzi. Siku hiyohiyo boda mmoja akapita karibu, akamrushia mwenzake "bladifuli". Babu akaruka kama kakanyaga kaa la moto! Maadili yameisha, vijana mmeoza, simu zimewaharibu. Anahutubia, na F inapanda na kushuka kifuani kila akivuta pumzi. Nilikufa.

Nikazama chimbo. Kumbe Ofcom, wale wanaosimamia redio na tivii Uingereza, mwaka 2016 waliwauliza watu tusi gani linauma kiasi gani, wakapanga madaraja manne: laini, la kati, kali, kali kabisa. Bloody laini. Damn laini. Bastard kali. F iko kule juu kabisa. Yaani stori zangu zote mbili nilizivisha kichwa chini miguu juu. "Cow" nalo limo, laini. Hata "ginger", ya kumchokoza mwenye nywele nyekundu. Hebu kamwite mtu tangawizi pale Mbamba Bay uone kama hatakuuliza chai iko wapi.

Iliyonimaliza ni "bint". Daraja la kati! Ndiyo hiyohiyo unayoijua, ya Kiarabu. Kwetu ni binti fulani, jina la heshima mpaka kwenye kadi ya harusi. Kule wameitumia kwa dharau mpaka ikageuka tusi. "Son of a bitch" nayo wameiweka hapohapo kati. Mama wa mtu, wanangu! Huku ukigusa mama hakuna daraja la kati, ni ngumi moja kwa moja.

Na bei yenyewe haitulii. Mwaka 1914 mwigizaji alitamka bloody jukwaani London, kwenye Pygmalion ya Bernard Shaw, magazeti yakapagawa. Leo wanaibandika hata kwenye chai yao. Kwa hiyo babu hajachanganyikiwa, anauza tu kwa bei ya mkoloni. Wenyewe walishapunguza, yeye hajaambiwa.

Sisi je? Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, waliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond. Neno lililowasha moto: Nyegezi. Mtaa wa Mwanza huo, una stendi na kila kitu. Konda wa basi analitangaza kutwa nzima na hakuna anayeshtuka. Likiimbwa kwa kuvutwavutwa, linanukia chumbani, wazee wanashika vichwa. Konda K, Rayvanny M.

Siku hizi sitafsiri kabisa. Nikiona tusi la Kiingereza nauliza kitu kimoja: yule mama wa Uingereza angeendelea kusoma kwa sauti, angemeza neno, au angefunga simu? Akiendelea ni K+, akimeza ni T, akifunga ni M. Stori ya tatu niliipa T, na mpaka sasa hakuna aliyeniletea habari za mtoto wake.

Babu alishaniuliza, lakini. "Mjukuu, wewe msomi, hii imeandikwa nini?" Nikaangalia ziwa. Nikaangalia nyavu. Nikamwambia, "Karibu London, babu."

Akafurahi kinoma. Jumapili kaivaa kanisani, kakaa benchi la mbele.