Je, Wajua? Tundu Dogo Hufichua Mvutano Uliojificha Ndani ya Chuma

Chuma kilicholala sakafuni bila mzigo wowote juu yake chaweza kuwa kinavutana chenyewe kwa chenyewe. Fundi anapochomelea vipande viwili, sehemu iliyoyeyuka hupoa na kutaka kusinyaa, lakini chuma baridi cha pembeni hakiiachii. Mvutano huo hubaki humo miaka na miaka, na waweza kuufungulia ufa njia.

Utaupimaje usiouona? Katika miaka ya 1930 Mjerumani Josef Mathar alipendekeza jibu la ajabu kidogo: toboa. Ukiondoa chuma kidogo, kile kinachozunguka tundu hulegea na kujongea. Kujongea kwenyewe huhesabiwa kwa sehemu za milioni, basi siku hizi hubandikwa kwanza geji tatu za utepe mwembamba wa metali, ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika zikivutwa au kubanwa. Kwa nini tatu? Kwa sababu yanatafutwa mambo matatu: mkazo mkubwa kabisa, mdogo kabisa, na mwelekeo wake.

Tundu lenyewe mara nyingi lina kipenyo cha milimita 1 hadi 4 tu. Mtego uko kwenye kutoboa: keekee butu huongeza mkazo wake yenyewe, na tundu likienda upande, hesabu nzima inapotoka. Ndiyo maana wapimaji wengi hupenda keekee ya upepo iendayo kasi mno, jamaa ya ile ya daktari wa meno.