Uhuru wa Vyry katika Jubilee

Wanafunzi wengi huona kilele cha Jubilee (1966), riwaya ya Mmarekani mweusi Margaret Walker, kuwa ni kutangazwa kwa uhuru. Sikubaliani nao. Vyry, mtumwa wa Georgia ambaye bwana wake ndiye babake mzazi, anatangaziwa uhuru vita vinapokwisha mwaka 1865, lakini hafungi virago. Anamngoja mumewe, Randall Ware, mhunzi. Hatimaye anaolewa na Innis Brown, wanahamia Alabama, na huko nyumba yao inateketezwa na Ku Klux Klan! Uhuru wenyewe unasawiriwa baadaye, Ware anaporudi. Vyry, ambaye utumwani hata ndoa haikuwa haki yake kisheria, anaamua mwenyewe ataishi na nani. Anabaki na Innis.