Vijana wa Mwadui na Njia ya Chuo: Tuwasaidie Kabla Mlango Haujafungwa

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (SW), aliyeanza kumteremshia Mtume wake wahyi kwa amri ya kusoma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba wake wote.

Ndugu Waislamu, tangu Dk. John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, vizazi kadhaa vya watu wa Shinyanga vimeishi kwa kutegemea kilichomo ardhini. Hata leo, kila matokeo ya mitihani yanapotoka, wapo vijana wetu waliofaulu ambao huishia kuchekecha mchanga Maganzo. Kazi hiyo ni halali na hatuidharau. Tunachosikitikia ni kijana kuiendea kwa sababu tu nyumbani hapakuwa na mtu aliyejua ni mlango gani upigwe hodi, na lini.

Serikali iliondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha ya kidato cha tano na cha sita katika mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa hiyo kikwazo cha ada sasa kinamsubiri mtoto wetu kwenye lango la chuo.

Vyuo vilivyo karibu

Wazazi wengi hudhani kuwa elimu ya juu ni lazima ifuatwe Dar es Salaam. Sivyo. Mkoani Shinyanga kipo chuo cha ufundi stadi cha VETA, na ipo taasisi ya Kizumbi iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, inayofundisha ushirika na biashara. Kolandoto kipo chuo cha afya, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake mkoani kwa mtu asiyeweza kuacha kazi. Anayetaka kusoma katika mazingira ya Kiislamu anacho Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005. Jambo la muhimu ni kuhakikisha kwamba chuo kimesajiliwa: vyuo vikuu na TCU, vyuo vya kati na vya ufundi na NACTVET.

Fedha na hofu ya riba

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa muda mrefu mikopo yake iliwalenga wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini mwaka 2023/2024 ilianza kuwafikia wanafunzi wa stashahada katika fani maalumu, zikiwemo afya, kilimo, nishati na madini. Watu wa ukanda wa almasi na dhahabu, kuanzia Mwadui hadi Geita, wanapaswa kulisikia neno hilo la mwisho kwa masikio mawili. Aidha upo ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/2023 kwa ajili ya waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita.

Wapo Waislamu waliokuwa wakiuogopa mkopo wa Bodi kwa sababu ya nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwani riba ni haramu kwa nassi ya Qur'ani. Lakini tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na wengine hawajapata habari. Ile asilimia 15 inayokatwa katika mshahara wa mnufaika si nyongeza. Ni namna ya kulipa deni lenyewe. Hata hivyo, Surat Al-Baqara imetufundisha kuandikiana deni. Basi kijana asome mkataba wote kabla ya kutia saini, na lenye shaka amuulize shekhe wake.

Karatasi huangusha wengi

Maombi ya mkopo huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Mtoto ana jina la Kiislamu kwenye cheti cha kuzaliwa, na shuleni ameandikishwa kwa jina la ukoo. Kurekebisha majina huchukua muda, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Jambo hili lishughulikiwe mtoto angali kidato cha kwanza.

Wajibu wa misikiti yetu

Tunapendekeza kila msikiti wa Mwadui, Maganzo na Shinyanga mjini uteue watu wawili au watatu, wakiwemo walimu, watakaofuatilia matangazo ya vyuo na mikopo na kuyasoma baada ya swala ya Ijumaa. Hilo halihitaji fedha.

Pili, uwepo mfuko. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na mwanafunzi fukara yumo katika kundi la kwanza bila ya shaka. Mfano tunao: mwaka 1983 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianzisha mpango wa kuwasomesha Waislamu wa nchi zisizo wanachama wake. Katika mpango huo mwanafunzi hurejesha alichopewa bila ya nyongeza, na fedha hizo huisaidia jamii yake kuwasomesha wengine. Huo ndio mkopo mwema, na sadaka za msikiti mmoja zinatosha kuuanza kwa mtoto mmoja.

Tatu, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2017 inaitaka migodi ikubaliane na halmashauri, kila mwaka, kuhusu mpango wa huduma kwa jamii. Wazee wetu wahudhurie vikao vya vijiji na kata, waombe nafasi za masomo ziingizwe humo, kwa faida ya watoto wote, Waislamu na wasiokuwa Waislamu.

Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badr, baadhi ya mateka waliokosa fidia walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Mtume (SAW) alikuwa na uhitaji wa mali wakati ule, lakini aliipokea kalamu badala ya fedha. Almasi ya Mwadui itakwisha siku moja. Elimu tutakayowapa watoto hawa ndiyo itakayobaki mikononi mwao.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Wabillahi tawfiq.